Mto Unakujaga

Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Dodoma alianza kujenga, na asubuhi moja lori likamwaga mchanga mbele ya geti langu. Ulikuwa mchanga wa mtoni, bado una unyevu, na harufu yake ikaingia hadi jikoni nilikokuwa nachemsha chai. Sijui kama nanyi mnaijua harufu hiyo. Si ile ya udongo uliopigwa na mvua, ambayo kila mtu huisifu. Ni harufu ya baridi, yenye chuma kidogo ndani yake, kama kikombe cha bati kilicholala na maji. Nilizima jiko, nikatoka na kanga yangu ya nyumbani, nikasimama mbele ya lile lundo. Vijana wa lori walidhani nimekuja kugomba kwa sababu wameziba njia, wakaanza kuniomba radhi. Sikuwasikia vizuri. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa Bariadi.

Tulihamia huko enzi zile za ruksa, mitumba ilipoanza kuuzwa waziwazi sokoni na sabuni ikarudi madukani. Kwa wengi ilikuwa neema. Kwa baba yangu, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo pale Tanga, ilikuwa vingine. Kiwanda kilianza kwa kufanya kazi siku tatu kwa wiki, kisha moja, mwisho akabaki mlinzi na mbwa wake. Lakini kwa kuwa sasa hata watu binafsi waliruhusiwa kununua pamba, tajiri mmoja alikuwa amefunga mashine za kuchambulia pamba huko Bariadi, akawa anatafuta mtu anayeweza kusikiliza mashine na kusema inaumwa wapi. Baba ndiye alikuwa mtu wa namna hiyo. Safari ilikula siku nne, kwa treni, kwa basi, na mwisho kwa lori lililokuwa likirudi kubeba pamba. Tulifika mwezi wa nane, tumepauka kwa vumbi, mama na baba na mimi na mdogo wangu Nuru aliyekuwa na miaka mitano.

Bariadi ya wakati huo ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, mji mdogo wa mabati na mikokoteni ya ng'ombe. Miiba yote ya kando ya barabara ilikuwa imenasa vinyweleo vya pamba kutoka kwenye malori, na Nuru, aliyewahi kuona theluji kwenye kalenda, alituuliza kama hapa ndipo inapoanguka. Nyumba tuliyopewa ilikuwa pembeni ya mji, imezungushiwa ua wa minyaa, na mbele yake, mwendo wa dakika kumi, kulikuwa na mto.

Nasema mto kwa sababu ndivyo walivyouita. Mimi siku ya kwanza niliutazama nikatafuta maji sikuyaona. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, umelala kati ya kingo mbili ndefu. Wanawake walikuwa wamechimba vishimo katikati yake, wamepiga magoti, wanachota maji kwa kata na kuyamimina ndooni polepole ili wasiyachafue. Sisi Tanga tulikuwa na bomba nyuma ya nyumba. Mama alisimama pale ukingoni na ndoo yake mpya, akashusha pumzi, akasema, "Haya. Tumekuja kufukua maji kama kuku."

Mama yangu, niwaambie ukweli, alikuwa mwanamke wa fahari yake. Alikuwa amefundisha shule ya vidudu kwa miaka minane. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na alikipenda hivyo. Kuhama kulikuwa kumemnyang'anya darasa, bomba, dada zake na kwaya ya kanisani, kwa hiyo alikishika hicho Kiswahili kama kitu cha mwisho alichotoka nacho kwao.

Asubuhi ya pili tulikuwa bado tunafungua mizigo aliposimama mtu penye uwazi wa ua wetu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, ana jembe begani na kitambaa chekundu kichwani. Hakupiga hodi. Alisema, "Mwangaluka," akangoja. Mama akajibu, "Karibu, shikamoo," huku akiendelea kukung'uta godoro. Yule mwanamke akangoja zaidi. Mwishowe akaingia, akaliegemeza jembe ukutani, akasema kwa upole kabisa:

"Mama, hapa kwetu mtu akikusalimia unaacha kazi. Unasimama. Usiposimama, watu wanaonaga una hasira."

Huo ulikuwa ushauri wa kwanza wa Mayu Minza. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na jirani zake wote walimwita hivyo, mama wa Minza. Alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu pamoja na mwanawe mkubwa aitwaye Sayi, mkwewe, na wajukuu wengi ambao sikuwahi kuwamaliza kuwahesabu. Minza mwenyewe sikumwona. Nilidhani ameolewa mbali.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi akienda shamba. Alitufundisha kwamba minyaa ikikatika inatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, basi nguo zisianikwe pale. Alitufundisha kuloweka michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, kabla ya kuvipika na karanga. Alimwambia mama kwamba udongo mweusi wa mbugani mvua ikinyesha unavua viatu miguuni, kwa hiyo wakati huo mtu anatembea peku na viatu anavishika mkononi, hata akienda kanisani. Alituambia mzee fulani wa njia panda lazima umpigie goti, mwingine wa karibu naye usimpigie kwa sababu anapenda utani. Aliniambia mimi, "Ng'wanike," yaani binti, "usiseme 'sitaki' ukipewa chakula. Onja, halafu useme umeshiba."

Na alituambia habari za mto. Hizo alizirudia, kwa maneno yaleyale, kila juma.

"Mto huu usiangalie mawingu ya hapa. Angalia ya kule," na mkono wake ulinyooka kuelekea mashariki, kwenye mbuga za wanyama. "Mvua inanyeshaga kule, hapa jua linawaka. Halafu mto unakujaga. Mvua zikianza, chota asubuhi. Mchana usiende. Ng'ombe wakikataa kushuka, na wewe usishuke. Umesikia, mama? Mto unakujaga."

"Nimesikia, mama Minza," mama alijibu. Kisha siku moja, kwa sauti yake ile ya darasani, akaongeza, "Lakini hatusemi 'unakujaga.' Tunasema 'huja.' Mto huja."

Mayu Minza alimtazama kidogo. "Ndiyo," akasema. "Unakujaga."

Tulicheka sana siku hiyo alipoondoka. Mama aliegemea mlango akisema, "Yule mama atatufundisha hata kupumua." Na mimi, niliyeona kicheko cha mama kwa mara ya kwanza tangu tutoke Tanga, nikagundua kazi yangu. Nilikuwa na kipaji cha kuiga watu. Jioni, wakati ugali unapikwa, nilifunga kitambaa kichwani, nikatwaa mwiko nikauweka begani kama jembe, nikasimama penye mlango wa jiko, nikasema kwa sauti nzito, "Mama! Mto unakujaga! Ng'ombe wanakataaga! Viatu vinavukaga!" Nuru alianguka chini kwa kucheka. Mama alijifuta machozi kwa pindo la kanga. Ukawa mchezo wetu wa kila siku. Nisiwafiche, nilijivunia. Nilijiona ndiye ninayeiponya nyumba.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, siku moja alasiri, nilikuwa katikati ya mchezo huo uani, nimeugeuzia mgongo mlango wa ua. Nilikuwa nimeongeza manjonjo, natembea kwa hatua zake ndefu, nanyoosha mkono mashariki. Nikasema, "Mto unakujaga!" na Nuru hakucheka. Nikageuka. Mayu Minza alikuwa amesimama pale na kibuyu cha maziwa mgando. Alikuwa ametuletea.

Sikumbuki kama uso wake ulibadilika. Ninachokumbuka ni kwamba alikishusha kile kibuyu chini taratibu, akakizungusha kidogo kwenye vumbi mpaka kikakaa bila kuinama, kama mtu asiye na haraka yoyote. Kisha akaenda zake. Mama alikuwa ametoka jikoni, ameona kila kitu. Aliniambia tu, "Vua hicho kitambaa."

Kesho yake Mayu Minza hakuja. Wala keshokutwa. Tulimwona akipita na jembe lake, anazunguka kwa njia ya nyuma. Mama alisema atakwenda kumwona, na kila siku ikatokea kazi. Siku moja ni kufua, siku nyingine Nuru ana kikohozi. Nilimsikia akimwambia baba, "Nitasema nini? Kwamba mtoto ni mtoto? Nilikuwa nacheka mimi." Baba akamjibu kwamba aseme hivyohivyo. Mama akaenda kuanua nguo. Nafikiri leo kwamba hakujua namna ya kwenda kwa mtu akiwa hana la kumfundisha.

Basi ikafika Jumamosi moja. Mama alikuwa amefua mablanketi yote, na saa nane mchana maji yakaisha kabla hajayasuuza. Jua lilikuwa linachoma. Juu yetu anga lilikuwa jeupe kwa joto, halina hata wingu. Mama alinipa ndoo na kata, akasema niende mbio nirudi. Nuru akalia akitaka kunifuata, na mama, aliyekuwa amechoka, akasema, "Mchukue."

Njiani nilitazama mashariki. Nataka mlijue hilo. Nilitazama, nikaona kule mbali anga limekuwa la bluu nzito kama wino, na nikaona umeme mdogo usio na sauti. Nikakumbuka maneno. Lakini maneno yale nilikuwa nimeyasema mara nyingi mno kwa kuchekesha, na yalinijia yakiwa na kicheko ndani yake. Sikuweza tena kuyasikia kama onyo.

Mtoni hapakuwa na mtu. Siku zote kulikuwa na foleni kwenye vishimo, wanawake na madumu yao, na watoto wa mjini walioniita "wa Tanga." Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja, na mimi nikafurahi kwamba leo sitangoja. Nilienda kwenye kishimo kizuri kuliko vyote, kilicho mbali, karibu na ukingo wa pili, ambacho maji yake yalikuwa maangavu. Nilipiga magoti. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, wa chini baridi. Ile harufu ikanijia puani. Nuru alikaa katikati ya mto, akaanza kujenga nyumba, anapiga mchanga juu ya mguu wake na kuuchomoa mguu polepole ili chumba kisibomoke.

Ndoo ilikuwa imefika nusu niliposikia mngurumo. Nilidhani ni lori la pamba. Halafu nikasikia sauti ya mtu, nzito, inatoka ukingo wa kwetu:

"Mto unakujaga! Mto unakujaga!"

Mtanisamehe, lakini wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu ananiiga. Kwamba mchezo wangu umejulikana na sasa nachekwa mimi. Nikainua kichwa nikiwa na aibu usoni. Nikamwona Mayu Minza anateremka ukingo, jembe ametupa, kanga imemvuka imebaki nyuma kwenye kichaka, anakimbia na gauni lake la ndani mchangani. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Nuru, akamwinua kwa mkono mmoja kama mtu anayenyakua nguo kwenye kamba, na ndipo akanigeukia.

"Acha ndoo!"

Ndoo ilikuwa ya mama, mpya, tuliyokuja nayo. Nikaishika. Mimi mwenyewe sijui kwa nini. Nikaanza kukimbia nayo, maji yananimwagikia miguuni, mchanga unanivuta. Alinifikia, akaipiga ile ndoo kwa kiganja ikaruka, akanikamata nywele, si mkono, nywele, akanivuta. Ukingo wa pili ulikuwa karibu zaidi, na ndiko alikotupeleka. Tulipanda kwa magoti na kucha. Nilipogeuka, mto ulikuwa unafika.

Haukuja kama mawimbi ya kwenye picha. Ulikuja chini chini, ulimi wa povu la kahawia unasukuma vijiti na mavi ya ng'ombe na majani makavu, unajaza kila unyayo, na mtu angeweza kudhani ataruka akauvuka. Kisha nyuma yake ukaja mwingine juu yake, na mwingine. Nyumba ya Nuru ilikwenda. Vishimo vikafumba. Kwa muda ambao mtu angetumia kumenya kiazi, mchanga wote ulikuwa haupo, na mti mzima ukapita mbele yetu, mizizi ikiwa juu, unajigeuza. Jua bado lilikuwa linawaka.

Mayu Minza alikaa chini amempakata Nuru. Alimbana sana mpaka mtoto akalia, na hakusikia kilio. Nilimgusa bega. Alikuwa anasema neno moja tu la Kisukuma, tena na tena, ambalo sikulielewa na sijawahi kumwuliza mtu maana yake.

Tulikaa ukingo ule mpaka jua likaanza kuteremka na maji yakapungua hadi magotini. Ng'ambo, mama alikuwa amefika. Tulimwona anatembea huku na huku, anashika kichwa, anaita, na sauti yake haitufikii. Mayu Minza alimwonyesha kwa mikono: wawili, wote wawili, wazima. Mama akakaa chini palepale. Sayi na wanaume wengine walituvusha kwa kushikana mikono.

Nyumbani mama alimwekea Mayu Minza kiti, akamfunga kanga yake mwenyewe. Alianza kumshukuru, na Kiswahili chake kizuri kikamkatikia katikati ya sentensi. Mayu Minza alikunywa chai. Alipoongea alikuwa anaitazama ile chai.

"Minza alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumetoka Zagayu, mwezi wa pili tuko hapa. Kwetu kule tunachotaga lamboni, maji yamesimama, hayaendi popote. Mto sikuujua. Jua lilikuwa linawaka hivihivi." Akakizungusha kikombe kiganjani. "Watu walikuwa wanaujua. Waliniona ninashuka naye. Hakuna aliyeniambia. Walidhani najua. Na mimi sikuuliza, nilikuwa naona aibu, mgeni."

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pili, alishuka akakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitamani sakafu inimeze mimi na kitambaa changu na mwiko wangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kabla ya kanisa mama alinishika mkono tukaenda nyumba ya pili. Mayu Minza alikuwa anafagia uwanja. Mama alisimama penye mlango wa ua wake, akaweka miguu pamoja, akasema, "Mwangaluka, Mayu." Alilisema vibaya, kwa lafudhi ya Tanga, lile neno likawa kama jina la mtaa. Akangoja. Mayu Minza aliacha ufagio, akasimama, akaitikia. Kisha mama akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote.

"Nimekuja unifundishe. Sijui kitu cha hapa. Nilijifanya najua."

"Utajua," alisema Mayu Minza. "Siyo mengi."

Mimi nilikuwa nimeshapiga goti, sithubutu kuinua uso. Niliona miguu yake inakuja, myembamba, ina nyufa za udongo mweusi. Nikasema naomba msamaha. Aliuokota ufagio, akaukung'uta kwa muda ulionitosha kufa mara mbili. Halafu akasema, "Unaniigaga vizuri. Siku ile hata mimi nilidhani nimetangulia kufika kwenu." Nikasikia mama anazuia kicheko na kilio pamoja. "Sasa uwaambie wenzako hivyohivyo. Sauti yangu wameshaizoea, hawaisikii. Yako wataisikia."

Ndivyo nilivyofanya. Msimu ule wote, na misimu iliyofuata, kila kulipofika mtoto mgeni shuleni, na walikuwa wengi, maana biashara ya pamba ilikuwa inaleta watu kutoka Maswa na Mwanza na hata mbali zaidi, mimi ndiye niliyempeleka ukingoni nikajifunga kitambaa kichwani, nikampa habari za mto. Niliiga kila kitu, hatua ndefu, mkono wa mashariki, sauti. Walicheka. Lakini nilihakikisha hawaondoki na kicheko peke yake. Niliwashika mabega nikarudia taratibu, mpaka wakaacha kucheka. Mama naye alijifunza Kisukuma, akafungua darasa la watoto wadogo kwenye ukumbi wa kanisa, na baada ya miaka michache mgeni yeyote aliyehamia alimkuta mlangoni asubuhi ya pili, na mama akimweleza mambo kwa Kiswahili ambacho dada zake wa Tanga wasingekitambua.

Nilikua, nikasoma, nikaondoka. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba Jumamosi ile tuliokolewa na bahati. Mayu Minza alikuwa anatoka shamba, akapita, akatuona. Nilimshukuru Mungu kwa kumpitisha. Hata kwenye ushuhuda kanisani nilisema hivyo.

Alifariki miaka mingi baadaye, mzee sana, usingizini. Nilienda kumzika. Baada ya mazishi nilikaa na Sayi, naye sasa ana mvi, nikamsimulia jinsi mama yake alivyopita pale mtoni kwa bahati. Alinitazama kwa mshangao.

"Shamba letu lilikuwa upande ule mwingine wa mji," akasema. "Huwezi kutoka shamba ukapita mtoni. Ilikuwa mashariki kukiwa kweusi, mama anaacha kazi, hata kama tuko katikati ya kupanda, anaenda kusimama ukingoni. Kila mara. Tulikuwa tunamwita, haitikii. Anasimama mpaka mto uje, halafu ndiyo anarudi kazini. Watu walisema kichwa chake kimeguswa."

Nilikuwa nahesabu moyoni zile siku ambazo hakutujia, alipozunguka njia ya nyuma ili asituone. Katika siku hizohizo alikuwa ameendelea kwenda kusimama, kwa ajili ya mtoto yeyote, hata aliyemfanya kichekesho.

"Baadaye hakusimama peke yake," Sayi akaendelea. "Walikuwa wawili. Hukujua? Yeye na mama yako."

Sikujua. Nilikuwa nikiishi nyumba moja na mama, na alasiri za masika nilimwona akifunga kanga, akisema anatoka kidogo. Nilidhani anakwenda kupiga soga.

Nilipofika nyumbani kwa mama nilimwuliza. Mama alikuwa ameketi anachambua mchele, uzee umeshamshika macho, anapapasa zaidi kuliko anavyoona. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, na walikuwa wakizungumza nini siku zote hizo pale ukingoni.

"Tulikuwa hatuzungumzi," akasema. Akapepeta kidogo, akapuliza makapi. "Yeye anatazama kule juu, mto unakotoka, mimi natazama kule chini, unakokwenda. Mto ni mpana, Eliza. Mtu mmoja hawezi kuuona wote."